Siku ya Kura Tatu katika Tabora

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Tabora



Halmashauri imetutaka tuseme machache juu ya mwenendo wa mabaraza, yaani jinsi mkutano unavyolijadili jambo na kulikata. Tungaliweza kuwasomea kanuni za mikutano tangu ya kwanza hata ya mwisho, na kila mmoja wenu angalisinzia kwa adabu. Walakini kanuni bila mfano haishiki moyoni. Kwa hiyo tumechagua mfano mmoja tu, wala hatukwenda mbali kuutafuta. Ulitokea katika mji wetu huu, mwezi wa Januari mwaka 1958, wakati wajumbe wa TANU walipokutana hapa kuamua kama chama chao kiingie katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika au kiususe. Baraza lenyewe lilikuwa likikaa Dar es Salaam. Hata hivyo, kwa maoni yetu, siku iliyokuwa na uzito kuliko siku zake zote haikupita Dar es Salaam, ilipita Tabora.

Tena tunayo sababu ya pili, nayo mwaijua. Uchaguzi wa wajumbe wetu wa baraza la wafanyakazi umekaribia. Wako miongoni mwetu wasemao kwamba baraza lile ni la kushauri tu, kwamba viti vyetu ni vichache, na kwamba heri tususe tukae nje na heshima yetu. Neno hilo si la kudharauliwa. Katika ofisi moja tuijuayo, mambo yaliyoandikwa katika kumbukumbu za baraza yalisomwa tena mwaka wa pili neno kwa neno, wala hata moja halikuwa limetendwa. Mtu aliyeona hayo ana haki ya kukasirika. Basi na tuwasikilize watu wa mwaka 1958, maana swali lao lilikuwa ndugu wa swali letu, nalo lilikuwa zito kuliko letu mara nyingi.

Yafaa kwanza tueleze Baraza lile lilikuwa la namna gani. Lilifunguliwa tarehe 7 Desemba, 1926, wakati wa Gavana Sir Donald Cameron, na katika kikao kile hakuwako Mwafrika hata mmoja. Miaka kumi na tisa ilipita. Ndipo mwaka 1945 walipoingia wawili wa kwanza, Chifu Abdiel Shangali wa Machame na Chifu Kidaha Makwaia wa Shinyanga. Hawa waliteuliwa na Gavana, hawakuchaguliwa na watu. Mwaka 1955, wakati wa Gavana Sir Edward Twining, viti vya wajumbe wasio maofisa wa Serikali vilifanywa thelathini, vikagawanywa sawasawa: Waafrika kumi, Waasia kumi, Wazungu kumi. Kwa macho ya mtu asiyejua hesabu, huo ulikuwa usawa. Walakini sensa ya mwaka 1957 ilihesabu watu zaidi ya milioni nane na nusu katika nchi. Wazungu walikuwa elfu ishirini hivi, na Wahindi hawakufika laki moja. Waliobaki wote, isipokuwa Waarabu na wengine wachache, walikuwa Waafrika. Karani yeyote mwenye kalamu aweza kuona mwenyewe usawa ule ulikuwa wa namna gani.

Kisha Serikali ikatangaza uchaguzi, sehemu ya kwanza katika mwaka 1958 na sehemu ya pili katika mwaka 1959. Kila jimbo la uchaguzi lingetoa wajumbe watatu, mmoja wa kila taifa katika yale matatu. Tena mpiga kura alilazimishwa kuwapigia wote watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Aliyeacha nafasi moja wazi, karatasi yake yote iliharibika. Hizo ndizo zilizoitwa kura tatu.

Wala si kila mtu mzima aliyeruhusiwa kupiga kura. Ilimpasa awe ametimiza miaka 21, kisha awe na moja katika mambo haya: elimu ya darasa la nane, au mapato ya pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au awe ameshika kazi fulani ya madaraka iliyotajwa katika sheria. Fikirini, ndugu zetu, ni nani katika Tabora ya mwaka 1957 aliyeweza kupita katika mlango huo. Mkulima wa mhogo na karanga hakuweza. Mchukuzi wa mizigo stesheni hakuweza. Fundi wa seremala, pengine. Aliyeweza bila shaka ni mwalimu, mganga msaidizi, karani wa Boma, karani wa reli, karani wa posta. Kwa maneno mengine, sheria ile ilipochuja watu wa nchi, waliobaki katika chujio walikuwa watu wa kazi yetu.

Hapa pana jambo ambalo historia hulipita upesi, nasi twaomba mlikazie macho. Mwaka 1953 Serikali ilikuwa imetoa waraka wa kuwakataza watumishi wake Waafrika kuwa wanachama wa vyama vya siasa. Kabla ya hapo makarani walikuwa nguzo za vyama. Chama cha Watumishi Waafrika wa Serikali kilianzishwa Tanga mwaka 1922 na Martin Kayamba, mtu wa shule ya misheni ya Kiungani. African Association iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929 nayo ilikuwa na makarani na walimu ndani yake tangu siku za mwanzo. Basi TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai, 1954, mtumishi wa Serikali alitakiwa achague: kadi ya chama au mshahara wa watoto. Wengi wakabaki na mshahara, na hatuna haki ya kuwacheka, maana watoto hawali kadi.

Matokeo yake yakawa ya ajabu. Wanachama wa TANU wenye kadi walikuwa wengi, lakini sehemu kubwa yao hawakuwa na sifa za kupiga kura. Makarani wengi walikuwa na sifa za kupiga kura, lakini hawakuruhusiwa kuwa na kadi. Waraka ulizuia uanachama; haukuzuia karatasi ya kura. Hivyo wajumbe waliokutana Tabora walikuwa wakijadili silaha ambayo, kwa sehemu kubwa, ilikuwa mikononi mwa watu wasiokuwamo ukumbini.

Sasa tuje katika mkutano wenyewe.

Ulianza tarehe 21 Januari, 1958. Mji ulifaa kwa kazi hiyo. Tabora ndipo njia za misafara ya zamani zilipokutana: moja yatoka Bagamoyo kwa kupita Ugogo, moja yaenda Ujiji kwenye ziwa, na moja yaelekea kaskazini, Karagwe na Buganda. Reli ilipofika hapa mwaka 1912, na tawi la Mwanza lilipofunguliwa mwaka 1928, ilifuata desturi ile ile ya njia. Mjumbe wa pwani, mjumbe wa Ziwa na mjumbe wa Kigoma waliweza wote kufika Tabora bila mmoja kusema kwamba ameitwa nyumbani kwa mwenziwe. Wala chama hakikuwa kigeni hapa, maana Germano Pacha wa Jimbo la Magharibi alikuwa mmoja wa wale walioianzisha TANU mwaka 1954.

Jambo lilikuwa moja: tuingie au tususe? Na waliosema tususe walikuwa na hoja nzito, wala si watu wa kelele. Walisema hivi: Kura tatu zamfanya Mwafrika atie sahihi kwa mkono wake mwenyewe kwamba watu milioni nane ni sawa na watu elfu ishirini. Zamlazimisha kuchagua kwa rangi, na sisi chama chetu chasema rangi si kitu. Zawafungia nje wanachama wetu maskini, wale waliotoa senti zao kukijenga chama, na kuwapa sauti wenye vyeti na mishahara. Je, tutarudi vijijini tukawaambie nini wale mama na wazee? Tukishiriki tumeibariki sheria. Tukisusa, ulimwengu utaona kwamba Baraza lile si letu.

Mwenye kusema kwa nguvu zaidi upande huo alikuwa Zuberi Mtemvu. Tena upande huo ulikuwa na historia, kwa kuwa chama kilikuwa kimezipinga kura tatu tangu zilipotajwa. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe, aliyeitwa katika Baraza kwa kuteuliwa, alikuwa amejiuzulu kiti chake mwezi wa Desemba, 1957, mwezi mmoja tu kabla ya mkutano, kwa kuwa hakuona kwamba Serikali yasikia. Basi mtu aliyetoka Barazani kwa kuchoshwa nalo ndiye aliyesimama Tabora kuwaomba wenziwe waingie.

Hoja zake na za wenziwe zilikuwa za namna nyingine. Walikubali kwamba sheria ni mbaya. Katika hilo hapakuwa na ubishi. Waliuliza: tukisusa, viti vitabaki wazi? Havitabaki. United Tanganyika Party, chama kilichoundwa mwaka 1956 na kupendwa na Serikali, kitavichukua vyote thelathini, nacho kitasema ndani ya Baraza kwa jina la nchi. Kisha Serikali itaziandika sheria mpya pamoja na wajumbe hao, nasi tutakuwa nje tukipiga makelele dirishani. Tena wakaonyesha jambo lililofichika ndani ya sheria ile. Mpiga kura Mwafrika alilazimishwa kumpigia Mzungu na Mwasia. Naam, lakini maana yake ni kwamba Mzungu na Mwasia hawakuweza kuingia Barazani ila kwa kura za watu wote. Katika majimbo mengi wapiga kura Waafrika ndio watakaokuwa wengi. Hivyo chama kikiwa na umoja, kitachagua si wajumbe kumi tu, bali thelathini. Kufuli lililotengenezwa ili kuwafungia nje laweza kufunguliwa kwa ufunguo ule ule.

Ndugu zetu, mtu wa Tabora angaliweza kulieleza jambo hili kwa mfano wa babu zake. Siku hizi neno hongo lina maana mbaya, na sisi watumishi wa umma twaonywa tujiepushe nalo, ndivyo ipasavyo. Zamani zile hongo lilikuwa ushuru wa njia. Msafara uliotoka pwani ulipofika Ugogo, ulisimama kwa mtemi wa kwanza, ukatoa nguo na shanga; ukaenda siku mbili tatu, ukatoa tena kwa mwingine. Wapagazi wa Kinyamwezi, kila mtu na mzigo wake begani, walikaa kambini wakingoja majadiliano yaishe. Hapana msafara uliopenda hongo. Walakini kiongozi wa msafara mwenye akili hakuirudisha mizigo pwani kwa kuchukia hongo, wala hakusema kwamba hongo ni haki kwa kuwa ameitoa. Aliitoa ili afike Unyanyembe. Tena mwenye busara zaidi alijua kabla ya kuondoka atatoa kiasi gani, na mahali gani atakataa.

Hilo la mwisho ndilo lililofanya uamuzi wa Tabora usiwe unyonge. Mkutano haukusema tu kwamba tutaingia. Ulitaka serikali ya madaraka katika mwaka 1959, na ukasema kwamba isipopatikana, chama kitachukua hatua nyingine kali zaidi, bila jeuri. Yaani waliingia mlangoni huku wameandika saa ya kutoka. Twadhani sharti hilo lilitokana na wale waliopinga. Hofu yao haikushinda kwa kura, lakini iliingia katika maneno ya azimio.

Kisha kura zikahesabiwa. Waliotaka kushiriki walikuwa 37. Waliokataa walikuwa 23.

Twawasihi makarani wenzetu msizipite tarakimu hizo upesi. Watu 60 walipiga kura. Lau wanane tu katika wale 37 wangalihama, ingalikuwa 29 kwa 31, na historia ya nchi ingalikwenda njia nyingine. Siku hizi uamuzi ule huitwa Uamuzi wa Busara, na jina limestahili. Lakini jina lile hutufanya tudhani kwamba busara ilikuwa wazi kama jua la mchana, na kwamba waliokataa walikuwa wajinga. Haikuwa hivyo. Zaidi ya theluthi moja ya wajumbe, watu waliokipenda chama, walisema hapana. Busara ya siku ile haikuonekana kwa urahisi. Ilitafutwa kwa maneno ya siku nyingi, na hesabu ya mwisho ikaandikwa kwa pande zote mbili. Kama mwandishi wa kumbukumbu angaliandika tu kwamba mkutano ulikubali, tungalipoteza nusu ya habari.

Yaliyofuata yajulikana, nasi tutayataja kwa ufupi. Mwezi wa Agosti, 1958, wiki chache kabla ya kura za sehemu ya kwanza, mahakama ya Dar es Salaam ilimtia hatiani Mwalimu Nyerere kwa makala iliyotoka katika Sauti ya TANU. Gazeti hilo lilipigwa kwa stensili kama jarida letu hili. Faini yake ilikuwa pauni 150, yaani shilingi 3,000. Mtaona kwamba ni hesabu ile ile ya mapato ambayo sheria ilimtaka mtu awe nayo kwa mwaka mzima ili apige kura. Faini ililipwa, na mwezi wa Septemba watu wakaenda kupiga kura.

Kila mtu ambaye TANU ilimwunga mkono alishinda, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Katika Jimbo la Mashariki Mwalimu alimshinda Patrick Kunambi. Katika Jimbo letu la Magharibi waliingia, pamoja na wengine, Chifu Abdallah Said Fundikira wa Unyanyembe, na wakili M. N. Rattansey, ambaye alikuwa mmoja wa mawakili waliomtetea Mwalimu katika kesi ile. Sehemu ya pili, ya Februari, 1959, ikawa vivyo hivyo. Tarehe 1 Julai, 1959, wajumbe watano wa kuchaguliwa wakafanywa mawaziri: Fundikira, George Kahama, Solomon Eliufoo, Amir Jamal na Derek Bryceson. United Tanganyika Party ikafa. Katika uchaguzi wa mwezi wa Agosti, 1960, kura tatu hazikuwako tena. TANU ilipata viti 70 katika 71, na tarehe 9 Desemba, 1961, Tanganyika ikawa huru.

Basi, na makarani je? Hawakuwamo ukumbini. Majina yao hayakuandikwa katika orodha ya wajumbe, wala hawakupiga picha ya ukumbusho. Walakini wale 37 walikuwa wameweka dau kubwa juu yao. Kama karani wa Boma angaliogopa kujiandikisha, au angalijiandikisha akapiga kura kwa kumpendeza mkubwa wake, hesabu yote ya Tabora ingalianguka. Karani yule alikwenda peke yake nyuma ya pazia na penseli, akaweka alama tatu, akarudi mezani pake akaendelea kunakili barua za Serikali. Hakuvunja waraka hata kidogo. Twaona katika tendo lile fahari ya kazi yetu: mtu aweza kuwa mwaminifu katika kazi aliyoajiriwa, na asiiuze dhamiri yake.

Imebaki habari ya wale 23. Wengi wao waliukubali uamuzi, wakaenda majimboni kuwatafutia kura watu wale wale ambao hawakutaka wagombee. Hilo ni jambo gumu kuliko kutoa hotuba. Zuberi Mtemvu hakuweza. Alitoka, akaunda African National Congress mwaka ule ule wa 1958. Mwezi wa Novemba, 1962, alisimama dhidi ya Mwalimu Nyerere katika uchaguzi wa kwanza wa Rais, akapata kura 21,276, na mwenziwe akapata 1,127,978. Ni rahisi kumcheka mtu aliyeshindwa hivyo. Sisi hatumcheki. Alisema alichoamini, akajiuzulu kwa uwazi, akajipeleka mbele ya watu wamhukumu kwa kura. Hiyo nayo ni njia ya haki ya mtu aliyeshindwa barazani.

Tena twasema neno jingine, kwa heshima yote. Mwaka 1965 TANU ikawa chama pekee kwa sheria, na njia ile ya Mtemvu ikafungwa hata mwaka 1992, sheria ya vyama vingi iliporudi. Katika miaka hiyo mikutano mingi ilifanyika katika nchi yetu, na makarani waliandika kumbukumbu nyingi zenye maneno haya: wote walikubali. Inawezekana mara nyingine ni kweli wote walikubali. Walakini mkutano ambao haujaona 23 kwa muda mrefu, yampasa mwandishi wake ajiulize kama wale 23 wameridhika au wamenyamaza. Tabora ya mwaka 1958 ilikuwa na nguvu kwa sababu mtu aliweza kusimama mbele ya kiongozi anayependwa na wote akamwambia: Hapana, Mwalimu, hatukubali, kisha akahesabiwa.

Sasa turudi kwetu, Bwana Mwenyekiti. Mabaraza ya wafanyakazi yana asili yake katika Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970. Hayakutolewa yakiwa makamilifu, wala leo si makamilifu. Wasemao tususe wana hoja, nasi twaomba siku ya mkutano wapewe nafasi ya kuisema mpaka mwisho, bila kuzomewa. Walakini kwa maoni yetu ni bora tuingie, na tuingie kwa namna tatu ambazo siku ile yatufundisha.

Kwanza, tujue kilichomo ndani ya kanuni. Wale wa mwaka 1958 waliisoma sheria waliyoichukia kuliko walivyoisoma wale walioipenda, ndiyo maana wakaiona nafasi yao ndani yake. Nasi tusome mkataba wa baraza letu kila kifungu: nani ana haki ya kuweka jambo katika ajenda, kwa siku ngapi kabla ya kikao, na nani ataulizwa kama halikutendwa. Ni aibu kwa chama cha makarani kususa karatasi ambayo hakijaisoma.

Pili, tuingie na sharti na tarehe. Tuandike mambo machache, matatu au manne, si ishirini: kupandishwa vyeo kwa waliokwisha timiza miaka yao, malimbikizo ya mishahara, nauli za likizo. Tuseme tutayadai kwa vikao vingapi, na baada ya hapo chama kitakutana tena kuamua. Mtu aingiaye bila sharti hugeuka kuwa pambo la ukumbi.

Tatu, kura zihesabiwe na ziandikwe zote. Ikiwa watu arobaini watasema tuingie na kumi na watano watasema tususe, kumbukumbu iseme 40 na 15, pamoja na sababu za wale 15 kwa maneno yao wenyewe. Kisha wale 15, ikiwa nafsi zao zawaruhusu, wawekwe katika kamati ya kufuatilia. Hapana mtu ajuaye kuhesabu ahadi zisizotimizwa kuliko yule ambaye tangu mwanzo hakuziamini.

Ndugu zetu makarani, watu huona kazi yetu kuwa ndogo. Hutuita watu wa mafaili. Walakini mkutano wowote ukiisha, wasemaji wamekwenda kula, na viti vimerudishwa ukutani, kinachobaki ni karatasi iliyoandikwa na mmoja wetu. Wajukuu wataijua siku ile kwa kadiri ya ukweli wa karatasi hiyo. Kwa sababu hiyo twamwomba katibu wetu, siku ya mkutano wa mwezi ujao, afike na kalamu mbili, na asiiweke hata moja chini mpaka kura ya mwisho ihesabiwe.